Vinasaba vya HIV visiwe vya kuwakamatia wanaojidunga

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu ati siku hizi wanasayansi wanaweza kusoma vinasaba vya virusi vya Ukimwi wakajua nani kamwambukiza nani, kwa hivyo polisi wapewe hayo majibu waende maskani kwa maskani wawatoe mateja wanaosambaza ugonjwa kwa sindano. Nimeisoma barua ile mara mbili nikaona siwezi kunyamaza. Kazi yangu ni kuzunguka na watu wanaojidunga unga, yaani heroini, hapa Mombasa, kuwapelekea sindano safi, kuwasindikiza wakapime, kuwatafuta wakipotea kwenye dawa, na hasira aliyonayo yule ndugu naielewa vizuri sana, pengine kuna kijana wake ama wa jirani ameharibikiwa, na nani asiyekuwa na kijana kama huyo hapa Pwani. Lakini alichokiomba kikifanyika watu watakufa, na hicho kipimo anachokisifu kitakuwa hakifai tena kwa kazi yoyote.

Nianze na kipimo chenyewe manake watu wengi wamekisikia nusu nusu. Virusi vya HIV vina maandishi ndani yake, ndivyo hivyo vinasaba, herufi kama 9,700 hivi, na kila vikijizalisha mwilini vinayanakili hayo maandishi upya na vinakosea kosea. Sasa chukua watoto wa madrasa, wa kwanza ananakili kutoka ubaoni anakosea herufi moja mstari wa tatu, wa pili anamtazamia wa kwanza analibeba lile kosa na kuongeza lake, wa tatu anamtazamia wa pili. Mwalimu akizikusanya daftari anaona wazi hizi tatu ni za kundi moja na ile ya nne imetoka kwengine kabisa. Lakini nani alimtazamia nani, hapo anakisia tu, na kama kuna mtoto mwengine aliyekwenda nyumbani na daftari yake, mwalimu hatajua hata kama alikuwepo.

Ndivyo ilivyo na damu za watu. Maabara ikikuta virusi vya watu wawili vinafanana karibu kabisa, inaweza kuwa wa kwanza alimpa wa pili, inaweza kuwa wa pili ndiye alimpa wa kwanza, na inaweza kuwa wote wawili walipata kwa mtu wa tatu ambaye hajawahi kukanyaga kliniki ama ashakufa zamani. Aliyepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza. Na kwenye kujidunga ndio mambo yanachanganyika zaidi, bomba moja la sindano linaweza kuzunguka watu wanne watano kwenye chumba kimoja kwa muda mfupi tu, na hata aliyekuja na sindano yake mwenyewe anachota kwenye kijiko kimoja na wenzake, maji mamoja, pamba moja. Wataalamu wenyewe wa fani hii wamesema miaka yote kwamba kufanana kwa virusi peke yake si ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Kinachoonekana vizuri kwenye vinasaba ni kundi, yaani ugonjwa unakimbia wapi, kwa kasi gani, na umeanza lini takriban. Hiyo ni kazi kubwa na nzuri na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Nitoe mfano wa Athens, mji mkuu wa Ugiriki, sababu pale yalifanyika mambo mawili, moja la busara na moja la aibu, mwaka mmoja na mji mmoja. Kabla ya 2011 Ugiriki nzima ilikuwa inapata visa vipya 10 mpaka 15 hivi kwa mwaka miongoni mwa wanaojidunga. Uchumi ukaanguka, watu wakakosa kazi, wengine wakalala njiani, na 2011 visa vikapita 200. Watafiti wakasoma vinasaba wakaona kwamba zamani virusi vya wanaojidunga vilikuwa vimetawanyika, huyu kapata huku yule kule, lakini ilipofika 2011 karibu wote walikuwa ndani ya makundi manne tu, tena mengine ya virusi vya aina ambazo zilijulikana zaidi Uhispania na Ureno, ama Afghanistan na Iran. Kwa hivyo ilijulikana kwamba huu ni mlipuko mpya, unatokea sasa hivi, kwenye sindano za mji huu, na hakuna tena wa kusema ati ni hesabu zimepanda kwa sababu watu wengi wamepimwa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 2012, karibu na uchaguzi, wizara ya afya na polisi wakawakamata wanawake mitaani, wakawapima kwa nguvu, na waliokutwa na virusi picha zao na majina yao yakawekwa hadharani, ati ni makahaba wanaohatarisha familia za watu. Wengi wao kumbe walikuwa ni waraibu wa dawa. Walikaa rumande miezi, kesi zikaanguka, wakaachiliwa, lakini sura zao zilikuwa zishaonekana nchi nzima. Mama zao waliziona. Watoto wao waliziona.

Na mwaka huo huo, kuanzia Agosti 2012, watafiti na mashirika ya pale wakaanzisha mpango walioupa jina la Aristotle. Mtu anayejidunga alikuja kwa hiari yake, akapimwa, akapewa pesa kidogo kwa muda wake, akapewa vikaratasi awaite wenzake nao waje, akatoka na sindano safi na mipira ya kondomu, na mwenye virusi akapelekwa kwenye dawa. Mpaka mwisho wa 2013 walikuwa wamewafikia watu zaidi ya 3,300, na maambukizi mapya yakashuka kwa zaidi ya robo tatu. Kwa hivyo nikiulizwa tufanye kama nani, mimi nasema tufanye kama hawa wa Agosti, tusifanye kama wale wa kabla ya uchaguzi.

Marekani nako kuna funzo. Kuna kimji kinaitwa Austin, jimbo la Indiana, wakaazi kama 4,200 tu. Kaunti yake ilikuwa haijapata hata visa kumi vya HIV kwa miaka kumi. Watu pale walikuwa wanaponda tembe kali za maumivu zinaitwa Opana, wanaziyeyusha wanajidunga, mara kadhaa kwa siku, ndugu na majirani pamoja. Kuanzia mwisho wa 2014 mpaka mwisho wa 2015 wakapatikana watu zaidi ya 180 wana virusi. Vinasaba vikaonyesha karibu wote virusi vyao ni vya ukoo mmoja, yaani viliingia hivi karibuni vikapita kwenye sindano kwa kasi ya kutisha. Na karibu wote walikuwa na homa ya ini aina ya C pia, ambayo hupita kwenye sindano kwa wepesi hata kuliko HIV, na hiyo ilikuwa imeshaanza kupanda eneo lile miaka ya nyuma. Gavana wakati huo alikuwa Mike Pence, ambaye baadaye akawa makamu wa rais, na alikuwa hataki habari ya kugawa sindano, mpaka Machi 2015 ndio akatangaza hali ya dharura na kuziruhusu. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Yale walipiga hesabu baadaye wakasema lau hatua zingechukuliwa mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 120 wasingeambukizwa. Watu 120 na zaidi kwenye mji ambao ukiupanga unaingia kwenye mtaa mmoja wa Kisauni na nafasi ikabaki! Kilichowasaidia kuzima ule moto ni sindano safi, kupima na dawa, vinasaba vilisaidia kuonyesha ukubwa wake na umri wake. Halafu mwaka 2021 viongozi wa kaunti ile ile wakapiga kura kuufunga mpango wa sindano. Mimi mpaka leo siielewi kura ile.

Turudi kwetu. Wazee wa maskani watakwambia zamani unga wa hapa Pwani ulikuwa ni brown sugar, watu wanavuta. Mwisho wa miaka ya 1990 ukaja ule mweupe na sindano zikaja nao. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na Pwani ukatoka 2012 ulionyesha wanaojidunga wenye HIV ni asilimia 18 hivi, wakati huo watu wazima wengine wote nchini walikuwa kama asilimia tano au sita. Na ukiwatoa wanawake peke yao, ilipita asilimia 40.

Hapo kwa wanawake naomba nikae kidogo. Mwanamke anayejidunga mara nyingi hajidungi mwenyewe, anadungwa na mwanamume wake, na anadungwa wa mwisho, kwa bomba ambalo mwanamume na marafiki zake wameshamaliza nalo. Akikataa hapati. Arosto ikimshika, mwili unauma mpaka kwenye mifupa, anatapika, anaharisha, anatetemeka, hapo hakuna anayeuliza sindano ni ya nani. Kule Dar es Salaam mwaka 2005 watafiti waliandika jambo ambalo lilishtua dunia nzima, kwamba kulikuwa na wanawake ambao mmoja akishajidunga huvuta damu yake mwenyewe kwenye bomba na kumpa mwenzake asiyekuwa na pesa ajidunge hiyo damu, wakiamini imebakia na unga wa kumtuliza arosto. Yule aliyetoa damu alikuwa anamwonea huruma mwenzake. Msomaji mwenzangu, huyo mama umpeleke mahakamani kwa shtaka gani, na uwaambie majaji alikusudia nini?

Kisha fikiria nani atakayepatikana wa kwanza kwenye hiyo kompyuta ya vinasaba. Wanaume wa maskani kupima mpaka uwabembeleze. Mwanamke akishika mimba anakwenda kliniki, anapimwa HIV, ni kawaida. Kwa hivyo jina lake ndilo litakaloingia kwanza, na siku ya siku virusi vya mumewe vikija kusomwa vikafanana na vyake, mtaa mzima utasema mke ndiye aliyeleta. Huyu ambaye alidungwa wa mwisho ndiye atakayeitwa chanzo. Mimi nimeona ndoa zikivunjika na wanawake wakitolewa vyombo nje kwa karatasi ya majibu ya kawaida tu, sembuse karatasi ya maabara inayoonyesha virusi vyake na vya mume ni ukoo mmoja.

Na msiniambie serikali haiwezi kutaka majina. Februari 2015 ilitoka amri ya rais kwamba maafisa wakusanye orodha ya watoto wa shule wenye virusi, na walezi wao, na kina mama waja wazito. Ilibidi watu waende Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema kukusanya majina namna ile ni kuvunja Katiba. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi wa Machi, Mahakama Kuu ilikuwa imeshakifuta kifungu cha 24 cha sheria ya Ukimwi ya 2006 kilichomfanya mtu mwenye virusi kuwa mhalifu asipomwambia mwenzake, sababu kilikuwa hakieleweki na kinaingilia siri za watu. Lakini sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ipo, na chini yake kukutwa na kifaa cha kutumia unga peke yake ni kosa. Yaani ile sindano safi niliyompa mtu asubuhi ili asiambukizwe inaweza kuwa ndiyo kidhibiti chake jioni. Sasa juu ya hapo tuongeze na vinasaba?

Tukishafanya hivyo kitatokea nini, nakwambia kwa yale ninayoyaona kila pakiwa na msako. Maskani inahama. Watu niliokuwa nawajua wako wapi, nani anahitaji sindano ngapi, nani amebakisha tembe ngapi za ARV, siwapati tena wiki nzima, wengine siwapati kabisa. Wanaogopa kutembea na sindano kwa hivyo wanaificha moja mahali wanaitumia wote. Kliniki hawaji. Na vinasaba vinasomwa kwenye damu ya mtu aliyekuja kliniki. Tena aliyekuja, na virusi vyake viwe bado ni vingi, sababu anayemeza dawa vizuri virusi vyake vinashuka mpaka maabara haiwezi hata kuvisoma. Kwa hivyo ukiwatisha watu, kwenye ile picha ya vinasaba watabaki wachache wasiokuwa na pa kukimbilia, na lile kundi linalokua kwa kasi hutaliona mpaka lije lenyewe kwa miguu wodini.

Kwa hivyo mimi nataka nini. Nataka kipimo kije, tena kije haraka. Uwezo tunao, maabara ya KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, pale Kilifi ndiyo iliyotusomea vinasaba vya korona na hata HIV wamekuwa wakiisoma miaka mingi, wataalamu ni watoto wetu. Kule British Columbia, Kanada, wanasoma hizi sampuli ambazo tayari zimechukuliwa kwa ajili ya kuangalia kama dawa bado zinafanya kazi, na kundi likianza kukua kwa ghafla wahudumu wa afya wanaambiwa waongeze nguvu upande huo. Hivyo ndivyo nitakavyo mimi niambiwe, kwamba mwezi huu upande wa Likoni kuna kitu kinakimbia, peleka sindano mara mbili, peleka watu wa kupima usiku, uliza kwa nini pale watu wameacha methadoni, ile dawa ya kunywa inayotuliza arosto mtu asihitaji kujidunga. Mimi sihitaji jina la mtu kwa kazi hiyo, na polisi ndio kabisa hawalihitaji.

Lakini mgonjwa aambiwe. Sampuli yake ikichukuliwa aelezwe kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba damu hii itatumika pia kuangalia ugonjwa unavyosambaa, na awe na haki ya kusema hapana na bado apewe dawa zake. Marekani walikosea hapo, mwaka 2018 majimbo yote yalitakiwa yafanye kazi hii na wagonjwa wengi hawakuulizwa lolote, watu wanaoishi na virusi wakapiga kelele miaka kadhaa, na Oktoba 2022 baraza la washauri wa rais kuhusu HIV likasimama upande wao na kutaka mpango ubadilishwe. Sisi tunaanza nyuma yao, hakuna sababu ya kulipitia kosa lile lile. Na kwenye meza ya kupanga hayo mambo wawepo watu waliotumia unga wenyewe, na wanawake wawe zaidi ya mmoja.

Na kitu kimoja ambacho nataka viongozi wetu wa kaunti za Pwani wakisome vizuri. Sindano tulizianza 2013, na wakati ule maimamu na wazee wengi walipinga wakiona tunawafundisha vijana kujidunga, nilielewa hofu yao, na baadhi yao baadaye walikaa na sisi wakasikiliza wakatuunga mkono, Mungu awalipe. Methadoni ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikaja Malindi na Kisauni 2015, wenzetu wa Muhimbili kule Dar es Salaam walikuwa wameshaanza tangu 2011. Vijana waliokuwa wanaiba nyaya za taa leo wanaamka asubuhi wanapanga foleni wanakunywa dozi yao wanakwenda kazini. Yote haya yalijengwa kwa pesa za wageni kwa sehemu kubwa, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ghafla, vituo vya watu hawa vilifunga milango nchini, wahudumu tukaambiwa tukae nyumbani, na arosto haikungoja mtu. Kusoma vinasaba ili kujua moto uko wapi halafu ukafika pale huna sindano ya kugawa, huna methadoni, huna mtu wa kumsindikiza mgonjwa, huko ni kuwachukua damu watu bure. Kaunti ziweke fungu la sindano na methadoni kwenye bajeti zao wenyewe, liandikwe kwa jina lake, wananchi tukienda kwenye vikao vya maoni tuliulizie.

Bunge nalo liandike kwenye sheria, kwa maneno ambayo hakimu hawezi kuyazungusha, kwamba vinasaba vya virusi vilivyosomwa kwa ajili ya afya ya umma havitolewi kwa polisi, haviingizwi kwenye kesi ya jinai, na haviingizwi kwenye kesi ya talaka. Mpaka hilo lipitishwe, mimi wateja wangu nitawaambia ukweli wakiniuliza kama damu yao iko salama, na ukweli kwa sasa ni kwamba siwezi kuwaahidi.

Jina langu mnalo hapo ofisini, naomba msilichapishe kwa sababu ya watu ninaowahudumia.

Mhudumu wa jamii,
Mombasa